Merikebu ya Kumi na Nne

Adelina alikuwa mbishi, na nasema hivyo kwa kumsifu. Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja huku ughaibuni, nchi ya baridi, mimi Mganda, yeye Mtanzania wa Kondoa. Hakuna msimamizi aliyeweza kumwambia shuka imetakata kabla hajaipitishia kiganja mwenyewe.

Mwaka 1984 alijiunga na chama cha wapenda mambo ya kale kule Tumba, nje ya mji. Kila Jumapili alitoka mtaani kwetu Rågsved, akapanda treni, akatembea hadi nyika moja yenye miamba, ambako watu wa zamani sana, wasiojulikana hata majina, walichonga mwambani picha za merikebu, nyayo na vishimo vya duara. Alitaka kitu kimoja tu: beji ya mwongozaji, awatembeze wageni na kusema kwa mdomo wake. Akasoma majira mawili ya baridi. Badala ya beji, chama kikampa chupa ya kahawa awabebee wageni. Nilikasirika kuliko yeye.

Mwenyekiti, mzee Torsten, ndiye aliyeandika kijitabu cha kuongozea wageni. Alihesabu merikebu kumi na nne, na zote alizipaka rangi nyekundu kwa mkono wake ili zionekane bila taabu. Ya kumi na nne, kubwa kuliko zote, ndiyo iliyopamba jalada.

Mwishowe wakamkubalia afanye mtihani wa beji, yaani kuongoza wageni mbele ya mwenyekiti. Wiki moja kabla ya mtihani, Adelina alinipeleka huko, akapiga magoti juu ya ile kubwa. Akaniambia kwao jiwe la kusagia mtama likishakuwa laini, wanawake hulidonoa upya kwa jiwe gumu, tundu baada ya tundu, ili lishike nafaka. Yeye alilidonoa la mama yake tangu ana miaka saba. Akachukua mkono wangu, akaupitisha kwenye merikebu ya jirani, nikasikia yale madonoo chini ya rangi. Akaurudisha kwenye ile kubwa. Hamna kitu. Ulikuwa ufa wa mwamba tu, umepakwa rangi.

Nilimshauri aseme kinavyosema kitabu, apate beji, mengine baadaye. Alinitazama kama niliyemtukana.

Siku ya mtihani walikuja watu kama ishirini, Torsten nyuma yao na kijitabu chake. Adelina aliongoza vizuri mno, nami nikavimba kichwa kana kwamba naongoza mimi. Alipofika kwenye ile kubwa, akawaomba wafumbe macho, waguse. Kisha akawaambia hii haikuchongwa na mtu.

Torsten akasema mbele ya wote, "Hapa tunafuata kitabu."

"Kitabu umeandika wewe," Adelina akajibu. "Mwamba hukuuchonga wewe."

Barua ya kumkatalia ilifika Jumatano. Alilia, sitaficha, alilia huku akikunja mashuka, na mimi nilikitukana chama kizima kwa Kiganda. Jumapili akarudi Tumba na kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene: ziara ya kugusa, bila beji. Nchi hii kila mtu anaruhusiwa kutembea nyikani, huombi kibali kwa mtu. Wakaja wanne. Jumapili ya pili, tisa. Ya tatu nikawaona hata wanachama, wameficha nyuso kwa kofia.

Ya nne akaja Torsten mwenyewe. Mkononi alikuwa na beji, jina la Adelina limeshaandikwa. Alisema kwa upole kwamba ni yake, ila kwa sharti moja: ile kubwa aipite kimya. Hakumtaka aseme uongo, alimtaka anyamaze tu. Nakiri, moyoni nilimwomba Adelina aichukue.

Aliishika. Akalisoma jina lake mara mbili. Aliitamani, hilo nalijua mpaka leo.

Kisha akamrudishia Torsten kiganjani, akawageukia watu waliokuwa wakisubiri, akawaambia leo wanaanza na ya kumi na nne.