Mtungi Wenye Sikio Moja

Nyuma ya kioo cha makumbusho kuna chungu cha kale kutoka milima ya Andes, ng'ambo ya bahari, chenye uso wa mtu. Sikio moja limevunjika. Nusura nipige kelele kwa furaha!

Kule Mbozi bibi yangu, akishindana na ndoo za plastiki za Tunduma, alifinyanga mtungi wenye uso wangu, auuze sokoni. Tulipouchoma alinionya nisiuguse kabla haujapoa. Uvumilivu ukanishinda, nikauchokoa kwa kijiti. Sikio likadondoka majivuni.

Nikasubiri kofi. Bibi akaangua kicheko.

"Huu siuuzi tena. Sasa ndio wewe kabisa, ukiitwa husikii!"

Mbele ya kile kioo nikageuka haraka, kama mtu aliyeitwa.