Walivyomfundisha Binti Yangu Kuomba Tubomolewe

Majina yao ninayo, ila sitayaandika. Ukimtaja mtu mkubwa kwa jina anakimbilia wakili, na mimi wakili sina. Nitawataja kwa kazi zao. Kuna mwalimu mlezi wa chama cha mjadala katika shule ya upili anayosoma binti yangu, huku upande wa Kianda. Kuna mkandarasi mmoja wa Kawangware, mwenye ploti na malori ya mchanga. Na kuna mzee wa kijiji chetu hapa Mashimoni, Kibera. Hao watatu walimfanya mtoto wangu asimame mbele ya watu aombe nyumba zetu zibomolewe. Mimi ni muuza samaki, shule niliachia darasa la tano, lakini hili nimelielewa vizuri kuliko wanavyodhani.

Shuleni kwao, Ijumaa mchana masomo husimama na wanafunzi wanaenda kwenye vyama vyao. Kuna skauti, kuna wa maigizo, kuna wa Biblia, kuna wa mazingira ambao kazi yao ni kumwagilia miti mitatu iliyo karibu na choo. Binti yangu alichagua mjadala. Nilifurahi. Tangu akiwa mdogo mdomo wake haukuwa na breki, majirani wakiniambia, "Mama Samaki, huyu wako atakuwa loya ama atapigwa." Nikaona heri shule imempa mahali pa kuutumia.

Kila Ijumaa alirudi na hoja mpya. Mara anatetea kwamba shule za bweni ni bora kuliko za kutwa, yeye ambaye bweni hajawahi kulala hata siku moja. Mara anapinga simu kwa wanafunzi, huku akiwa ameshika yangu. Nikamuuliza, "Sasa wewe mwenyewe unaamini nini?"

Akacheka. "Mathe, kwa mjadala hauulizwi unaamini nini. Unapewa upande, unautetea. Ukitoka nje unauacha hapo hapo."

Sikuona ubaya. Hata mpira uko hivyo: leo unavaa jezi ya kijani, kesho ya bluu, ukimaliza unavua.

Halafu yakaja mashindano ya shule kadhaa, yafanyike Kawangware. Kikombe kilikuwa cha yule mkandarasi, na mada ilitoka kwake pia: Mitaa ya mabanda ibomolewe. Shule zikachaguliwa pande kwa kura ya vikaratasi, na shule yetu ikaangukia watetezi, maana yake wale wa kusema ndiyo, ibomolewe. Hapo mwalimu mlezi angeweza kumsimamisha mtoto yeyote. Ana watoto wanaotoka kwenye magorofa, wanaoongea kama redio. Akamchagua wangu. Akamwambia, "Wewe ndiwe silaha yetu. Hawa wengine tingatinga wameliona kwa televisheni."

Siku hiyo binti yangu alinikuta nikikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki tunayouziwa nyama ikishaenda kwa wenye pesa. Akavuta jeriken akaketi.

"Mathe, mwalimu amesema unieleze ile siku ya tingatinga. Yote."

Sikuwa nimewahi kumweleza. Aliijua kwa vipande tu, kwa sababu siku hiyo alikuwa mgongoni kwangu. Nilimweleza huku nikigeuza mifupa. Kwamba tulikuwa tumesikia barabara itapita, lakini tukaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ikaja asubuhi ya kesho yake. Kwamba uji ulikuwa jikoni polisi walipofika na tingatinga. Kwamba mwenye nyumba, aliyekuwa hakosi mlangoni kila mwisho wa mwezi, siku hiyo hakuonekana hata kivuli. Mabati yalikuwa yake, mbao zake, udongo wake. Mlango tu ndio ulikuwa wangu, kwa maana ule wake ulioza nikaenda kwa fundi nikatengenezewa mwingine. Basi nikaung'oa. Mtoto mgongoni, mlango kichwani, nikatembea hadi mtaa wa Kawangware 46 kwa dada yangu, watu wakinipisha njia kama msafara wa rais. Dada alikuwa na chumba kimoja kwenye ploti ya watu. Mlango ukaegemezwa nje, na mwenye ploti akauliza, "Huyu mama amekuja kupanga ama kuuza mbao?"

Binti yangu hakucheka. Aliuangalia mlango wetu, ule ule, uliofungwa kwa kamba upepo usiupige, akaanza kulia. Nikamwambia nyamaza, mafuta yanaruka.

Siku ya mashindano niliacha meza kwa jirani nikaenda Kawangware. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikaa nyuma na wazazi wengine, na mtoto wangu akasimama, soksi amezivuta hadi magotini.

"Bwana mwenyekiti, mgeni wetu wa heshima, mtunza saa mwadilifu, walimu walezi, na mahasimu wangu wapendwa," akaanza, na sauti yake ikanipa fahari, siwezi kukataa.

Kisha akanitoa mimi. Akasimulia mama aliyebeba mtoto mgongoni na mlango kichwani kutoka Kibera hadi Kawangware. "Mlango, bwana mwenyekiti! Mlango usio na nyumba!" Ukumbi ukacheka. Wanafunzi wakapiga meza. Akangoja wanyamaze, kama alivyofunzwa, akashusha sauti. "Mama huyo ni mama yangu. Nauliza, mtu wa namna hiyo hastahili nyumba ya mawe? Mabanda haya yanatudhalilisha. Yabomolewe! Kwa hayo machache, natetea hoja."

Watu wakasimama. Mama mmoja kando yangu alifuta machozi, akaniuliza kama namjua huyo msichana. Kila neno lilikuwa la kweli na mwisho wake ulikuwa uongo. Mabanda hayakunibebesha mlango. Tingatinga ndilo lililonibebesha. Hilo halikutajwa hata mara moja. Ukisikiliza hotuba ile ungedhani niliamka asubuhi nikaamua kutembeza mlango.

Mkandarasi alipopanda kutoa kikombe alimshika binti yangu bega. "Mmesikia wenyewe," akasema. "Si mimi nimesema. Mtoto wa Kibera mwenyewe ndiye anaomba." Chini ya jukwaa kijana mmoja wa ofisi yake alikuwa ameinua simu tangu mwanzo, anarekodi.

Nilimngoja mwalimu mlezi getini.

"Mwalimu, mbona umenifanya kichekesho?"

"Mama, hongera! Tumeshinda!"

"Nimekuuliza kitu."

"Ni mjadala tu, mama. Hakuna mtu anaamini yale yanasemwa pale."

"Tingatinga nalo haliamini kitu. Linaendeshwa tu."

Akaangalia saa yake.

Nyumbani nilimuuliza binti yangu kwa nini aliacha sehemu ya tingatinga. Akaniambia, na sauti ilikuwa chini, "Niliiandika, Mathe. Mwalimu akaikata. Akasema inasaidia wapinzani."

Kwa hiyo watu wakija kuniambia kosa ni langu kwa kumsimulia mtoto mambo ya zamani, nawaambia waende wakaulize ni nani alishika kalamu nyekundu.

Nilidhani hiyo aibu ndiyo mwisho wake. Wiki chache baadaye mzee wa kijiji akaitisha baraza kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya kioski cha maji. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi na koti jipya. Akasema kuna mradi wa nyumba za mawe, na laini yetu, safu ya nyumba kuanzia kioski hadi chini mtoni, ndiyo itaanza kuondolewa. Mkandarasi ameshapatikana. Hakutaja nani, lakini malori yake tulikuwa tumeyaona yakizunguka.

"Na sisi tutaenda wapi?" akauliza seremala, jirani yangu.

"Mtarudishwa zikikamilika."

"Zikikamilika lini?"

"Wewe unataka nyumba ama unataka tarehe?"

Watu wakaguna. Seremala akasema hatujaulizwa. Mzee akatabasamu kama mtu aliyekuwa anangoja hilo. "Maoni ya wakazi yamechukuliwa," akasema, akatoa simu, akaiweka kwenye kipaza sauti. Na pale, mbele ya kioski, nikasikia sauti ya mtoto wangu. Mabanda haya yanatudhalilisha. Yabomolewe! Kisha makofi.

Watu wote walinigeukia. Mama mmoja wa laini yetu, ambaye tumezika pamoja na kuzaa pamoja, akaniambia, "Mama Samaki, kumbe nyinyi ndio mmetuuza?"

Binti yangu alikuwa ametoka tu shule, amesimama na begi lake karibu na mapipa. Akainua mkono, kama wanavyoinua darasani.

"Mzee, hiyo sauti ni yangu."

"Tunajua ni yako, msichana wetu. Asante sana. Umetuletea heshima."

"Nataka kuongeza kitu. Hapo sikumaliza. Huo ulikuwa upande tuliopewa, mimi mwenyewe..."

"Ngoja, ngoja." Mzee akashusha kipaza sauti. "Hili ni baraza la watu wazima. Watoto hawazungumzi barazani. Keti chini, ama uende ukafanye homework."

Wengine wakacheka. Hiyo ndiyo siku nilijua hasira ina joto la kweli, inaanzia miguuni. Sauti ya binti yangu ikitoka kwa simu ni mkazi, ni maoni, ni Kibera nzima. Ikitoka mdomoni mwake ni mtoto, aende akafanye homework.

"Kama ni mtoto, zima simu!" nikapiga kelele.

"Mama, tafadhali, utaratibu..."

"Utaratibu gani? Huyo aliye kwa simu si ndiye huyu hapa? Kama huyu haruhusiwi, na yule pia haruhusiwi. Zima!"

"Zima simu!" akadakia seremala. Kisha yule mama aliyeniita muuzaji, naye akasema zima, na wengine nyuma wakaanza kupiga jeriken. Mzee alizima. Lakini alipokuwa akiondoka alituambia kwa upole kabisa kwamba maoni yalishafika yanakofika, tupige jeriken hata mpaka Krismasi.

Kesho yake nilimfuata mwalimu mlezi shuleni, binti yangu kando yangu. Sikutaka msamaha. Nilitaka kitu kimoja: aje Mashimoni asimame mbele ya watu aseme upande ule ulitoka kwa vikaratasi, na sehemu ya tingatinga aliikata yeye. Basi. Dakika chache tu za mdomo wake, yeye anayefundisha watoto kusema.

"Mama, mimi ni mwajiriwa. Yule bwana ndiye ameahidi kutujengea maktaba."

"Kwa hivyo unaogopa."

"Nafikiria wanafunzi wote, si mmoja." Akamgeukia binti yangu. "Na wewe jiandae. Tunaenda ngazi ya kaunti, mada ni ile ile. Wewe ndiwe wa kwanza."

"Naweza kupinga, mwalimu?"

"Upande haubadilishwi. Unajua sheria."

"Basi, Ijumaa tulete mjadala Mashimoni. Pande zote mbili. Watu wasikie na ule mwingine."

"Nje ya shule? Bila kibali? Hapana. Na ukikosa mazoezi ya Ijumaa, nafasi yako naipa mtu mwingine."

Alikosa. Ijumaa mchana alikuja hapa kwenye laini na wenzake wanne wa chama waliotoroka naye, sare zao zimejaa vumbi. Mmoja alitunza saa kwa simu ya mama yake. Watu waliketi kwenye jeriken na mabenchi ya seremala. Tatizo likawa hakuna aliyetaka kuwa mtetezi, mpaka seremala mwenyewe akajitolea, akapanda kwenye ndoo akasema, "Bwana mwenyekiti, mimi nataka tubomolewe kwa sababu mke wangu anakoroma na ukuta ni mmoja," akazomewa mpaka akashuka.

Kisha binti yangu akasimama. Hakuwa na karatasi. Alisimulia ile siku tena, lakini safari hii aliiweka asubuhi yake yote: uji jikoni, wiki ijayo iliyokuja kesho yake, polisi, mwenye nyumba asiyeonekana. Hakuna aliyecheka. Watu wa hapa wengi wana asubuhi yao kama hiyo. Alisema nyumba ya mawe hakuna anayeikataa, atakayeikataa ni nani, lakini anayetaka kukujengea haanzi kwa kukufukuza, na hatafuti ruhusa yako kwa mtoto aliyepewa upande shuleni.

Mzee wa kijiji alikuwa amefika, amesimama kwenye kona ya kioski. Mikono mfukoni. Nilimwendea na mikono yangu ya samaki.

"Mzee, rekodi basi. Na hii pia uipeleke."

"Ningependa sana, Mama Samaki," akaniambia. "Simu imeisha chaji."

Ikalia mfukoni mwake hapo hapo. Hakuitoa. Tulitazamana, inalia, mpaka ikanyamaza.