Picha ya Katikati ya Daraja

Siku ya harusi ya binti wa kaka yangu, mpiga picha alitupeleka kwenye bustani ya kando ya mto, hapa Isiolo, akashikilia kwamba picha ya familia ipigwe katikati ya daraja la miguu. Daraja lenyewe linaning'inia kwa nyaya, na mbao zake zimeachana kiasi kwamba unamwona punda akinywa maji huko chini kabisa.

"Kijana wangu," nilimwambia, "hapa kwa nyasi kuna shida gani?"

"Mama, pale juu ndio mlima unaonekana nyuma."

Wenzangu walipita wakicheka. Bibi harusi alipita na viatu vyake virefu kama mtu anayekwenda jikoni. Mimi, niliyemlea tangu mama yake afariki, nilibaki nimekumbatia nguzo, jasho likinitiririka ndani ya buibui. Nimesafiri kutoka Merti nikiwa juu ya vyuma vya lori la ng'ombe, sikuogopa. Leo mbao tu! Nilijichukia.

"Shangazi, njoo! Tunakungoja!"

Nikaanza. Hatua ya tano hivi, wasichana wawili wakatokea upande wa pili wakikimbia, daraja likayumba. Nilichuchumaa palepale, nikasoma kila dua niliyoijua. Mtu akacheka. Bibi harusi akarudi, akanishika mkono.

"Polepole, shangazi. Usiangalie chini."

"Niache! Mimi si mtoto!" Nilimfokea mbele ya wakwe zake.

Aliuachia mkono wangu. Nikainuka, na hasira ndiyo iliyonifikisha katikati. Mpiga picha akatazama kamera, akatazama mbali.

"Wazazi, wingu limefunika mlima. Turudi tu pale kwa nyasi."

Nilitamani kumrushia kiatu. Wote wakageuka na kuondoka kwa vishindo, nami nikabaki nimeng'ang'ania waya, machozi ya hasira yakinilenga. Bibi harusi alisimama hatua mbili mbele yangu. Hakunigusa wala hakugeuka. Nikitembea, anatembea, nikisimama, anasimama, mpaka tukafika.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini wakwe walikuwa wamemzunguka na dereva anapiga honi. Nilimpigia simu kesho yake ili nimwombe.

"Shangazi," alisema kabla sijaanza, "umekula lakini?"