Niliweka bia kwenye barafu ya maziwa ya Papa Bauma

Mimi ni mwongo, na uongo wangu umechapwa katika jarida la sayansi. Naanza hapo ili msijisumbue kunitafutia udhuru.

Nafundisha kemia katika chuo kimoja cha huku kwetu. Sitakitaja. Maabara yetu hukaa bila maji, umeme huja ukipenda, lakini jarida letu likitoka, hamtaamini utafiti uliomo! Fizikia wamepima mvua ya vilima ambavyo hakuna aliyevipanda. Biolojia wameorodhesha viwavi vya msitu wa Walikale, na aliyeandika hajawahi kuvuka mji wa Sake. Sisi kemia tunachambua sabuni, sabuni ile ile, miaka nenda miaka rudi. Asiye na makala hapandi cheo, kwa hiyo makala zinazaliana kama sungura, na kila moja ina majina mengi juu yake. Niweke kwako, nitakuweka kwangu. Ndivyo tunavyoishi.

Na mimi nilikuwa nikiwacheka wote! Kwenye kila mkutano nilisimama kuuliza, "Sampuli ulizichukua wapi? Nani alikuona?" Waliniita Tomaso, yule asiyeamini mpaka aguse kidonda. Nililipenda jina hilo. Nilitembea nalo kama mtu aliyevaa koti jipya.

Sasa sikilizeni Tomaso alifanya nini.

Kuna mzee wa Mushaki, kijiji cha Masisi, anayetengeneza jibini. Nitamwita Papa Bauma, ingawa si jina lake. Kwetu ni Kibua, na vita vilipotufukuza, mimi nikiwa bado sekondari, ndiye aliyenipokea. Nililala chumba kimoja na watoto wake. Nilikunywa maziwa ya ng'ombe wake mpaka nikapata diploma. Yeye ni Mhunde, mimi ni Mnyanga, na nyumbani mwake hakuna siku niliyokumbushwa hilo.

Nilipotaka kuandika juu ya maziwa na jibini za Masisi, watengenezaji wa vijiji vingine walinifungia mlango. Walichoka na watu wa chuo wanaochukua vitu na kutorudi. Papa Bauma aliwasikia wakinung'unika, akawacheka.

"Huyu njo mutoto yangu," aliwaambia. "Achukue hata ngombe, akipenda."

Alinijazia vichupa mwenyewe: maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile, na maziwa yaliyoganda ambayo bado hayajakandamizwa kuwa jibini. Nilivipanga katika glasiere, lile sanduku la kubebea vitu vya baridi, juu ya barafu niliyotoka nayo Goma. Ni kazi ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Maziwa mabichi yana vijidudu vichache, ukiyaweka baridi hubaki vichache. Ukiyaacha kwenye joto, huzaana ukitazama. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa mdomo wangu!

Nilishuka kwa pikipiki mpaka Sake. Pale njiapanda nikamkuta mwenzangu wa idara ya fizikia, ameketi na watu chini ya hema la plastiki. Tumwite Fizikia. Ni yeye aliyeniazima kipimajoto cha safari hiyo, na kwa kipimajoto hicho jina lake lingekuwa kwenye makala yangu.

"Tomaso! Kuya ukae hapa," aliita. "Bia yao iko moto kama supu. Hakuna baridi mu Sake yote."

Kisha akaliona sanduku.

"Mule iko barafu, si vile?"

"Ni ya maziwa," nikasema.

"Maziwa inaogopa nini? Ngombe yenyewe haina frigo ndani!"

Wakacheka. Nami nikacheka. Nikatoa vichupa vya Papa Bauma, nikavitia katika mfuko mweusi uliokuwa umefungwa kwenye kiti cha pikipiki, nje, juani. Chupa za bia zikalala mahali pavyo.

Nilisema ni kwa muda mfupi tu. Lakini mnajua tulizungumza nini mchana ule? Tulimchambua mwenzetu aliyeandika juu ya mvua bila kutoka ofisini! Nilikuwa moto moto. Nilimwiga sauti, niliiga mwendo wake, watu wakashika mbavu. "Sayansi ni uaminifu!" nikapiga meza, na chupa ya bia mkononi ikitiririka baridi iliyokuwa ya vile vichupa. Jua lilishuka mimi nimecheka, na vile vichupa vimepikwa.

Nilipovishika, vilikuwa vuguvugu kama mkojo. Nikavirudisha katika sanduku lenye maji yaliyokuwa barafu, nikaenda zangu.

Dada yetu wa idara ya biolojia ndiye aliyeotesha vijidudu vya sampuli ili kuvihesabu. Aliniita maabara akiwa ameziba pua.

"Hii maziwa ulichota mu choo? Imejaa vidudu ya mavi!"

Kisha akaniuliza, "Barafu ilifika?"

"Ilifika," nikajibu.

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kupanda tena Mushaki kuchukua maziwa mengine. Sikusema, na si kwa hofu tu. Nilifurahi! Jibini safi haimfikishi mtu popote, lakini jibini yenye kinyesi ni ugunduzi. Nikaandika kwa Kifaransa kizuri kwamba sampuli zilisafirishwa katika barafu. Nikaandika jina la kijiji. Jina la mwenye kiwanda sikuliandika, nikajiona nina adabu. Lakini katika kijiji kile kiwanda cha jibini ni kimoja!

Makala ikatoka. Nikapandishwa cheo. Baada ya jina langu, la Fizikia lilikuwa la pili, la dada wa biolojia la tatu, la shefu wetu wa idara la nne, yeye ambaye hata harufu ya vile vichupa hakuisikia.

Halafu mtu akaufupisha ule utafiti na kuutupa kwenye vikundi vya WhatsApp. Mtangazaji wa redio akausoma. Mama waliokuwa wakinunua jibini ya Papa Bauma kwa ajili ya Goma wakaacha kupanda Mushaki. Mwishowe wakaja wakaguzi wa usafi wa chakula, wakatia kufuli kwenye mlango wa kiwanda, na karatasi waliyoshika mkononi ilikuwa makala yangu.

Mbele ya kiwanda hicho wamepita watu wa bunduki wa kila rangi. Wamekula ng'ombe, wamechukua mabati. Papa Bauma alikimbia akarudi, akawasha moto tena, akaendelea. Bunduki zilishindwa kumfunga. Mimi nilimfunga kwa kalamu, nikiwa mtoto wake!

Nilimwendea shefu. Nikamweleza kila kitu, hata bia. Nikamwomba jarida litoe masahihisho. Aliendelea kutafuna karanga.

"Masahihisho haipandishi mutu cheo," alisema. "Inamushusha. Na juu ya ile makala, iko jina ya weye peke yako?"

"Lakini shefu, kiwanda kimefungwa."

"Kiwanda iko Masisi. Jarida iko hapa. Usivichanganye."

Fizikia naye aliniambia nimelogwa. Dada wa biolojia alilia, kisha akaniomba nisimtaje. Hao ndio wanasayansi tulionao! Na mimi ni wa kwanza wao, jina langu liko juu.

Basi nikapanda Mushaki. Papa Bauma alikuwa uani na mke wake, wakimwaga maziwa yasiyo na mnunuzi kwenye chombo cha nguruwe. Alidhani nimekuja kumpa pole. Nilipomaliza kueleza, mke wake aliingia ndani na kufunga mlango. Kisha mzee akakata kipande cha jibini kutoka bonge la mviringo la zamani, akaninyooshea.

"Kula."

Sikuweza kunyoosha mkono.

"Kula basi! Ao unangojea barafu?"

Nikala. Nilikuwa natafuna huku nalia, na yeye hakuacha kunitazama mpaka nikameza.

"Ku ile karatasi yao, jina yako iko?" akauliza.

"Iko, Papa. Ya kwanza."

"Njo vile. Kwa kunifunga, ulitia jina. Kwa kunifungua, utatia jina vilevile. Uende useme ku radio: ni mimi fulani, nilidanganya. Kama sijasikia ile jina, usipige hodi hapa tena."

Nilishuka kilima nikijua la kufanya. Na sijalifanya.

Mnaona wenyewe. Uongo niliutia sahihi, ukweli nimewaletea ninyi umefunikwa uso. Nikisema jina langu nitafukuzwa, nami najua kabisa kwamba nastahili. Kufuli bado liko mlangoni Mushaki. Mzee ana redio ndogo, anaisikiliza.

Msinionee huruma! Msiniandikie kwamba kuungama ni mwanzo mzuri. Kuungama bila jina ni kupaka tope juu ya kidonda.

Ila ninyi vijana wa vyuo mnaojua kuuliza kila mtu sampuli zake zilitoka wapi, ulizeni. Wabaneni mpaka watoke jasho. Lakini kabla hujapiga meza ukihubiri uaminifu, nyanyuka kwanza, nenda nje, kaguse mfuko uliouacha juani. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka ule wangu. Sikuenda, kwa sababu bia ilikuwa baridi na kila mtu alikuwa anacheka nilichosema.