Uji wa Mzazi Hauna Kibali

Ilianza Jumanne saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa nyumbani kwa likizo. Saa naijua kwa sababu mama aliniambia ikifika saa nne nizime mashine ya kusaga, tuisafishe, tubadilishe unga, nami nikachelewa. Mkaguzi wa viwango aliingia nikiwa bado naifuta.

Kiwanda chetu ni chumba kimoja hapa Ikonge. Mama husaga na kupakia unga wa uji wa aina tano. Nne zina vipimo. Ya tano ni ya wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, na hiyo huchanganywa na mama mdogo, dada yake mama, kwa kiganja: wimbi, ndizi mbichi zilizokaushwa na njugu. Watu huifuata kutoka mbali, hata Manga.

Mkaguzi alikuwa mpole. Alieleza kwamba kila aina inahitaji kibali chake, na kilichomo kwenye pakiti lazima kiwe kile kilichoandikwa kwenye lebo. Akamuuliza mama mdogo anaweka ndizi kiasi gani.

"Inategemea amejifungua lini," mama mdogo akasema. "Na kama maziwa yanatoka."

"Mama, hiyo siwezi kuandika."

"Basi andika waniulize mimi."

Mkaguzi alicheka, lakini hakuandika.

Alipoondoka, mama alikaa juu ya gunia akafikiri, kisha akasema hela za vibali vitano hana, ataombea kibali unga wa wimbi mtupu, hizo nyingine basi. Mchana ule tulisaga wimbi peke yake. Hatukusimama kusafisha mashine hata mara moja, na kufikia saa tisa tulikuwa tumepakia zaidi kuliko siku nzima ya kawaida. Mama alikuwa akiimba. Mama mdogo alishinda mlangoni, mikono ndani ya leso, hana kazi.

Mimi sielewi. Mkaguzi hakukosea, njugu zikishika kuvu ni sumu, tulifundishwa shuleni. Mama naye hakukosea. Mbona basi nilijisikia kama tumemfukuza mtu? Nilitaka kumuuliza mama kama mama mdogo atabaki kazini, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Kesho yake asubuhi nilibeba mizani ndogo hadi kwa mama mdogo. Nilimwomba achanganye unga wa mzazi wa siku tatu, nami nipime kila kiganja kabla hakijaingia kwenye beseni. Alichanganya mara nne. Namba hazikulingana hata mara moja. Niliziandika zote.