Niliwaandikia Wabunge Kwamba Dawa Haina Shida

Nimekosa, na sitaki kuzungukazunguka. Kuna barua kwenye mtandao wa bunge la Uingereza, haina jina, na aliyeiandika ni mimi. Ni ya uongo. Uongo huo umemfunga mdomo mke wangu, mama wa mtoto wangu, na yeye hajui. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia yote.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Saudia kama kibarua, nikawekwa kwenye ghala moja karibu na Bandari ya Jeddah, nikawa nalala mtaa wa Bani Malik, watu sita chumba kimoja. Mke wangu, nitamwita Mama Ivy, alikuwa Riyadh, mtaa wa Malaz, akifanya kazi za ndani kwa familia moja na kulala hapo hapo. Tuko nchi moja, lakini kuonana ni mara moja kwa mwaka, saa mbili tatu hivi, halafu kila mtu anarudi kwa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Ndoa yetu ilikuwa ndani ya simu!

Kazi yangu ilikuwa kubandika. Mapipa ya dawa ya kusafishia marumaru yakishuka bandarini, mimi nabandika karatasi ya Kiarabu kando ya ile yaliyokuja nayo. Ukibandika kitu kutwa nzima, utake usitake utakisoma.

Ndipo nikaona jambo. Dawa ilikuwa moja na kampuni ilikuwa moja, lakini maonyo yalikuwa mawili. Mapipa yaliyotoka kiwanda chao cha Ulaya bara yalikuwa na picha ya mtu aliyepasuka kifua, na maneno kwamba mvuke wake unadhuru mapafu. Yaliyotoka Uingereza yalikuwa na alama ya mshangao tu na onyo la macho.

Nikamwuliza bosi. Akacheka.

"Hayo ni mambo yao. Uingereza ilijitoa kwenye Umoja wa Ulaya, sasa kila upande una orodha yake ya sumu. Wale wameongeza onyo, hawa bado wanajadiliana. Dawa ni ile ile. Yalla, bandika!"

Dawa ni ile ile. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, jamani!

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mama Ivy alikuwa akigombezwa kila wiki kwa sababu ya madoa ya manjano kwenye bafu la madam. Pipa moja la Uingereza likatoboka, nikakinga bila kumwambia mtu, nikajaza chupa mbili za juisi ya embe. Nikampa dereva mmoja wa kwetu aliyekuwa anakwenda Riyadh. Nilitaka mke wangu asifiwe. Ile picha ya kifua ilinijia, sikatai, lakini nikajiambia hiyo ni ya mapipa mengine.

Alisifiwa kweli. Akanipigia akicheka: "Baba Ivy, hiyo dawa yako ni kali! Marumaru inang'aa mpaka madam ameita dada zake waje waone. Nitumie ingine."

Nikatuma ingine.

Baada ya miezi michache kicheko chake kikaanza kukatwa na kikohozi. Bafu lile lina dirisha, lakini lilizibwa zamani kwa ajili ya vumbi na baridi ya AC. Nilimwambia afungue. Akasema, "Nifungue na nini, nivunje ukuta?" Sitamsema vibaya madam. Alimnunulia asali na ndimu, akampeleka kliniki, wakampa dawa ya mafua. Angejuaje? Chupa ilikuwa imeandikwa juisi ya embe.

Mimi nilijua. Nilimwambia aache kuitumia na akaacha, lakini kifua hakikuacha.

Wakati huo huo kamati moja ya wabunge wa Uingereza ilikuwa inachunguza kama sheria zao za usalama wa kemikali zinatosha tangu wajitoe. Walitaka kusikia watu wanaozishika hizo dawa. Kiwanda kikawaandikia mawakala wake wakusanye maneno ya wafanyakazi, na karatasi ikafika kwetu ghalani. Bosi akaniita kwa sababu Kiingereza changu hakina vumbi sana.

"Andika kwamba mmeishika miaka mitatu, mafi mushkila, hakuna shida. Halas, basi. Jina halitatokea."

Nikashika kalamu. Haki ya Mungu, nilifikiria kuandika ukweli. Mkono ulikuwa umeshaanza. Naye kama aliyesoma moyo wangu, akasema: "Na ule uhamisho wako wa Riyadh, mwezi ujao nasaini. Si mke wako yuko Malaz?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeomba uhamisho huo miaka miwili! Nilifikiri, nikifika karibu nitamwangalia mwenyewe, nitampeleka hospitali nzuri, nitamtafutia kazi nyingine. Nikajipa sababu mia. Nikaandika: "Nimeishika dawa hii kwa miaka mitatu. Sijaumia, wala sijamsikia mtu yeyote aliyeumia."

Wala sijamsikia! Na asubuhi hiyo alikuwa ameniachia sauti kwenye simu, nusu maneno, nusu kukohoa.

Siku ya kikao tulikuwa kwenye mapumziko ya mchana, tumezunguka sinia la wali, mwenzetu mmoja amewasha simu tutazame. Mbunge mmoja mwenye miwani akasoma maneno yangu, neno kwa neno, akasema ni ya mfanyakazi wa ghala kwenye Bahari ya Shamu. Wenzangu wakapiga makofi. "Mkubwa! Umesomwa bungeni!" Na mimi, ibilisi gani aliniingia sijui, nikavimba kichwa. Nilikula wali huo kwa raha zangu. 

Ripoti ilipotoka, walisema hawakuletewa ushahidi wowote wa mtumiaji aliyeumia, hivyo hakuna haja ya haraka ya kubadilisha onyo. Sikuwalaumu. Wao walisoma walichopelekewa.

Mama Ivy akawa hawezi kupanda ngazi. Wakala aliyemleta akasema alikuja na pumu yake kutoka kwao. Ni uongo, huyu mwanamke alikuwa akipanda kilima na mtungi kichwani huku anaimba! Wakamkatia tiketi. Aliondoka Jumanne. Uhamisho wangu, ambao bosi alikuwa akiuahirisha tu, ulisainiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Kwa hiyo sasa niko Riyadh. Nalala Malaz, mtaa ule ule nilioulilia. Nikisimama kwenye kituo cha basi naliona lile dirisha lililozibwa, ghorofa ya pili, na mwenyewe hayupo.

Nilijaribu kurekebisha, msidhani nilikaa tu. Niliiandikia kamati. Wakanijibu kwa adabu kwamba uchunguzi umefungwa, na ushahidi ukishapokelewa unabaki kama ulivyo. Nikamwendea bosi kwa simu. Akasema pole pole kabisa: "Ukisema leo kwamba uliongopa, nani atajua ni lini unasema kweli? Na hiyo dawa ilitoka ghalani vipi? Nani aliitia kwenye chupa ya juisi?" Ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, iko mkononi mwake. Nilikata simu nikakaa chini kwenye ngazi. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Na hilo silo linaloniua.

Nyumbani daktari alimwambia Mama Ivy alete karatasi ya dawa aliyokuwa akitumia. Nilimtumia picha ya karatasi ya Uingereza, nayo inasema macho tu. Akapeleka malalamiko kwa yule wakala aliyempeleka Saudia. Wakala akamtolea barua iliyochapishwa kutoka mtandaoni, ya mfanyakazi wa ghala la Bandari ya Jeddah, akamwambia, tazama, hata wanaoishika kila siku wanasema haina neno.

Alinipigia jioni hiyo. Anaongea maneno manne, anapumzika.

"Baba Ivy, kuna mtu wa ghala lenu... ameandika uongo. Anasema hajasikia... mtu ameumia. Huyo mtu ana mke kweli? Ana mtoto?"

Niliibana simu sikioni. 

"Wewe usijiingize," akaendelea. "Wakikufukuza... Ivy atabaki na nani? Lakini ulifanya kazi hapo, lazima unamjua. Mtafute. Mwambie pole pole... mwambie kuna mama anaumwa. Kama ana roho atabadilisha."

"Nitamtafuta," nikasema.

Nitamtafuta! Ndivyo nilivyomjibu mke wangu wa ndoa. Nimeshamwambia yuko likizo. Nimemwambia amehamishwa. Juzi nilimwambia namba yake haipatikani. Njia ya mwongo ni fupi, nami naona mwisho wake, lakini miguu haigeuki.

Wenzangu mnaofanya kazi huku, na kwingineko, lile neno "mafi mushkila" tumelizoea mpaka linatoka lenyewe, hata ukiwa umevunjika mkono. Msikieni mjinga huyu. Mkiletewa karatasi muulizwe kama mnaumia, msidhani ni ya wazungu wa mbali, haiwahusu. Andikeni kilichopo. Kama mnaogopa, basi iacheni wazi, karatasi tupu haimwumizi mtu. Na dawa isiyo na jina lake kwenye chupa msimpe mnayempenda.

Mimi sina la kufanya tena. Nikinyamaza namwua pole pole, nikisema namwua mara moja. Kila jioni simu inaita, na kabla ya kunisalimu ananiuliza kama nimempata yule mtu.