Dari ya Nyumba ya Nahodha

Miaka kumi na miwili kaka yangu Salim aliniita Birmingham. "Njoo uone dari niliyoipamba," akisema kwenye simu, nami nikijibu, "Mwakani, inshallah." Sote ni mafundi wa chokaa, tumefunzwa na marehemu baba hapa Mji Mkongwe, na kila mwaka nilikuwa na ukuta wa mtu wa kumaliza. Nilipofunga safari, mwaka 2006, kisukari kilikuwa kimeshamtia upofu.

Siku ya tatu, asubuhi, tulipanda basi kutoka kwake Shard End. Njiani akanihadithia habari za aliyeijenga nyumba yenye dari ile: nahodha wa manowari, shujaa wa vita vya baharini, aliyestaafu akajenga katikati ya nchi.

"Bahari iko wapi huku?"

"Ndiyo maana kajenga huku. Kaichoka!"

Tulicheka mpaka bibi wa kiti cha mbele akageuka.

Saa tano tulifika mjini. Nyumba ni ya matofali mekundu, ghorofa tatu, nguzo mbili nyeupe mlangoni, na madirisha yanazidi kuwa mafupi kadiri yanavyopanda. Mlinzi, mama wa Kikenya, alitupokea: "Karibuni wazee." Akatuonyesha ngazi inayopinda bila nguzo chini yake, akisema mbao zake zilitoka kwenye manowari ile ile ya nahodha. Mjane aliiuza nyumba, ikawa ofisi za mawakili, ambao ndio waliompa Salim kazi ya dari, kisha ikaachwa ikivuja. Salim alikipapasa kishikio cha ngazi kama anayemsalimia mtu.

Juu, ukumbini, nikainua kichwa. Lahaula! Dari tupu, bapa, ya jipsamu. Mama yule akaninong'oneza kwamba ya zamani ilibomolewa mwaka uliopita.

"Umeona kamba za meli? Nanga?" Salim akauliza, uso umemchangamka. "Na ua la asumini, la mama yetu, umeliona nilipolificha?"

Roho iliniuma. Baba alitufunza kuweka pambo la kwetu pembe ya kibla, nikajitosa. "Nimeliona, kaka. Pembe ya kibla. Zuri mno!"

Aligeukia mlangoni. "Haya, twende zetu."

Kwenye basi, tulipokaribia kwake, alinigeukia.

"Pembe ya kibla niliweka nanga," akasema taratibu. "Asumini nililiweka mkabala na mlango, ili siku ukija ulione kwanza."

Uwongo wangu nilimwomba radhi, akanisamehe. Zile "mwakani" kumi na mbili, mpaka leo sijui nitaziombea radhi vipi.